Imechanganyika au Imechanganywa? Koncheto ya Klarineti ya Aaron Copland na Lugha ya Kuandikia Historia ya Muziki

Ikisiri

Koncheto ya klarineti ambayo Aaron Copland alimtungia Benny Goodman kati ya mwaka 1947 na 1949 hutajwa mara nyingi kuwa mfano wa mchanganyiko wa muziki wa klasiki na jazi. Makala haya yanalihoji neno hilo “mchanganyiko”. Kwa kufuatilia historia ya utungwaji wa kazi hiyo, mkataba wake, muundo wake, na wanamuziki Weusi wa Marekani ambao mbinu zao zimo ndani yake, makala yanaonesha kwamba kilichotendeka kinaelezeka vyema zaidi kwa dhana mbili ambazo isimu ya Kiswahili imezizoea, yaani ukopaji na utohozi. Aidha, makala yanaonesha kuwa uchaguzi baina ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa si jambo la sarufi peke yake, kwani ndio unaoamua nani atakumbukwa katika historia na nani atasahauliwa. Mwishoni yanatolewa mapendekezo matatu kwa waundaji wa istilahi na washauri wa sera za utamaduni katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Swali la makala haya lilizuka darasani. Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wa somo la tafsiri maelezo mafupi kuhusu koncheto ya klarineti ya Copland na kuwataka wayaandike kwa Kiswahili. Nilitarajia ubishi juu ya majina ya ala, na kweli ulikuwapo. Baadhi waliiita klarineti “zumari”, na wengine wakaigeuza koncheto kuwa “tamasha”. Hata hivyo, sentensi iliyotuchukua muda mrefu zaidi ilikuwa ile nyepesi kuliko zote, iliyosema kuwa ndani ya kazi hiyo klasiki na jazi zimeungana. Kundi moja liliandika “imechanganyika”; jingine likaandika “imechanganywa”. Mwanafunzi mmoja wa kundi la pili akawauliza wenzake: kama imechanganyika, ilijichanganya yenyewe?

Wanaisimu wanaijua tofauti hiyo. Kauli ya kutendeka haimhitaji mtenda. Kikombe kilichovunjika hakina aliyekivunja, na ndiyo maana watoto wote hupenda kuitumia mbele ya wazazi wao. Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda hata pale asipotajwa, na msomaji ana haki ya kuuliza: na nani? Swali la mwanafunzi yule lilikuwa la sarufi, lakini jibu lake halimo katika sarufi. Limo katika historia ya kazi yenyewe, nayo ndiyo ninayokusudia kuieleza hapa.

Kabla ya kuendelea, istilahi tatu zinahitaji ufafanuzi. Kwanza, ninatumia “klarineti” na si “zumari”. Zumari ya pwani yetu hupulizwa kupitia ulimi wenye tabaka mbili zinazogongana, ilhali klarineti ina ulimi mmoja wa tete uliofungwa kwenye kipande cha mdomoni. Ni ala za koo mbili, na sauti zao hazikaribiani. Pili, “koncheto” hapa ni utungo wa muziki ambamo mpigaji mmoja hujibizana na okestra. “Tamasha” ni tukio linalohudhuriwa na watu, na halifai kuwa jina la utungo. Tatu, “jazi” hapa ni muziki ulioanzishwa na Wamarekani Weusi, New Orleans ukiwa kitovu chake cha awali, mwanzoni mwa karne ya 20. Ufafanuzi huu wa tatu ni wa lazima kwa msomaji wa Kiswahili kwa sababu ambayo nitairejea katika sehemu ya 7.0.

2.0 Mtunzi, Mpigaji na Mkataba

Aaron Copland alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1900, katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Lithuania, iliyokuwa chini ya dola ya Urusi. Kati ya mwaka 1921 na 1924 alisoma utunzi nchini Ufaransa kwa mwalimu Nadia Boulanger. Aliporudi nyumbani alikuwa na shauku ya kuandika muziki ambao msikilizaji angeutambua mara moja kuwa wa Kimarekani, na jazi ilimpa njia ya kwanza ya kufanya hivyo. Kazi zake mbili za miaka hiyo, Music for the Theatre ya mwaka 1925 na koncheto ya piano ya mwaka 1926, zilijaa midundo ya jazi, na hiyo ya pili iliwaudhi baadhi ya wasikilizaji wa Boston ilipopigwa mwanzoni mwa mwaka 1927. Baada ya hapo aliiweka jazi kando kwa muda mrefu, akapata umaarufu kwa kazi za namna nyingine, hususan Appalachian Spring ya mwaka 1944, iliyompatia Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata.

Benny Goodman alizaliwa Chicago mwaka 1909, naye pia akiwa mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, tena maskini. Alianza klarineti akiwa mtoto katika bendi ya sinagogi, kisha katika bendi ya vijana ya Hull House, taasisi iliyowahudumia wakazi wa mtaa wao. Mwalimu wake muhimu wa utotoni alikuwa Franz Schoepp, mpigaji wa mapokeo ya Kijerumani, ambaye aliwafundisha pia wapigaji Weusi waliokuja kuwa mashuhuri katika jazi, miongoni mwao Buster Bailey na Jimmie Noone. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 Goodman alikuwa kiongozi wa bendi iliyovuma Marekani nzima. Tarehe 16 Januari 1938 aliipeleka bendi hiyo katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, pamoja na wanamuziki kutoka bendi za Count Basie na Duke Ellington.

Umaarufu huo haukumridhisha Goodman. Alitaka kutambuliwa pia kama mpigaji wa klasiki. Mwaka 1938 alirekodi kwintet ya klarineti ya Mozart pamoja na Budapest Quartet, na mwaka huohuo Béla Bartók aliandika Contrasts kutokana na agizo lake. Mwaka 1947 aliagiza kazi nyingine mbili: koncheto kutoka kwa Paul Hindemith na koncheto kutoka kwa Copland.

Masharti ya agizo la Copland yalikuwa mepesi kueleza. Goodman alilipa dola 2,000, naye akapata haki ya kuwa mpigaji pekee wa kazi hiyo kwa miaka miwili. Kuhusu muziki wenyewe, Copland alieleza baadaye kwamba Goodman hakumwekea sharti lolote. Kwa hiyo mkataba haukudai jazi. Copland ndiye aliyeamua kuiingiza, kwa kuwa aliufahamu na kuupenda upigaji wa Goodman kwa miaka mingi na aliona kuwa kumtungia mtu huyo kungempa mtazamo mpya. Tayari basi tunaye mtenda wa kwanza wa kitenzi chetu.

3.0 Kutoka Rio de Janeiro hadi Redioni

Copland alianza kuiandika koncheto hiyo mwaka 1947 akiwa Amerika ya Kusini, katika ziara iliyodhaminiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Sehemu ya kazi ya mwanzo ilifanyika Rio de Janeiro, na huko alisikia wimbo uliokuwa ukipendwa wakati huo, ambao kipande chake kiliingia katika sehemu ya pili ya koncheto. Msomaji wa sera za utamaduni aikumbuke hali hiyo: mtunzi aliyetumwa na serikali yake kuonesha muziki wa Marekani ugenini alirudi na muziki wa wenyeji wake. Aliikamilisha kazi mwezi Oktoba 1949.

Goodman hakuwa na haraka. Miaka hiyohiyo alikuwa akijifunza upya upigaji wa klarineti kwa Reginald Kell, Mwingereza, hata akabadili namna ya kuweka mdomo kwenye ala, jambo gumu kwa mtu aliyekwisha kupiga kwa takriban miaka thelathini. Aidha, alipoyaona maandishi ya noti aliomba baadhi ya sauti za juu sana zishushwe, naye Copland akairekebisha kadenza na mwisho wa kazi. Katika rasimu mtunzi aliandika kwamba umbo la kwanza la mwisho huo lilikuwa gumu mno kwa Goodman. Wapigaji wa miaka ya karibuni, akiwemo Charles Neidich, wameurejesha umbo hilo la awali.

Koncheto ilisikika kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1950, katika matangazo ya redio ya NBC Symphony Orchestra yaliyoongozwa na Fritz Reiner, Goodman akipiga klarineti. Tarehe 28 Novemba mwaka huo, haki ya upekee ikiwa imekwisha, Ralph McLane aliipiga pamoja na Philadelphia Orchestra chini ya Eugene Ormandy. Mwaka 1951 Jerome Robbins aliitumia kwa dansi ya jukwaani iitwayo The Pied Piper katika New York City Ballet. Mwaka 1963 Goodman aliirekodi tena, Copland mwenyewe akiongoza okestra, na rekodi hiyo ndiyo iliyowafikia wasikilizaji wengi zaidi.

4.0 Muundo wa Kazi

Koncheto huchukua takriban dakika 17 na ina sehemu mbili zinazopigwa bila kituo, zikiunganishwa na kadenza, yaani kipande ambacho klarineti hupiga peke yake. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, katika hesabu ya mapigo matatu. Klarineti huimba juu ya kinubi na ala za nyuzi, kwa sauti ndefu zenye miruko mipana, na hakuna ndani yake chochote ambacho msikilizaji angekiita jazi. Sehemu ya pili ni ya kasi. Humo mna mdundo wa charleston, mna besi ya kinanda inayozunguka kwa mtindo wa boogie-woogie, na mna kile kipande cha Brazil.

Jambo tatu katika muundo huu zina uzito kwa hoja yetu.

La kwanza ni kadenza. Katika jazi, mpigaji anapoachiwa nafasi ya kupiga peke yake hutunga papo kwa papo. Huo ndio moyo wa sanaa yenyewe, kama ilivyo kwa malenga anayejibu beti palepale. Katika koncheto za karne ya 18 pia mpigaji aliachiwa kadenza aibuni mwenyewe. Copland hakufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Aliandika kila noti ya kadenza, na humo ndani akapanda mbegu za sehemu ya pili, ili mabadiliko kutoka utulivu kwenda kwenye mdundo yawe kazi ya maandishi. Mbunifu mashuhuri wa papo kwa papo alipewa nafasi ya kubuni ambayo ilikuwa imekwisha kubuniwa.

La pili ni ukosefu wa ngoma. Okestra ya kazi hii ina ala za nyuzi, kinubi na piano tu. Hakuna ngoma wala matoazi, ambavyo ndivyo vinavyobeba mwendo wa bendi ya jazi. Copland alifidia pengo hilo kwa kuwaagiza wapigaji wa besi wazivute nyuzi hadi zigonge ubao, na wapigaji wa kinubi na piano watoe sauti kavu za kudunda. Mbinu ya kuipiga besi kwa vishindo hakuibuni yeye. Ilikuwa mbinu ya wapigaji wa New Orleans kama Pops Foster, waliohitaji besi isikike katika kumbi za dansi zenye kelele.

La tatu ni mwisho. Klarineti humalizia kwa mtelezo wa sauti unaopanda bila ngazi, mtelezo ambao wapigaji wa jazi walikuwa na jina lao la mtaani kwa ajili yake, nalo Copland alilitumia alipoieleza kazi yake. Wasikilizaji wa New York walikuwa wameusikia mtelezo kama huo tangu Februari 1924, mwanzoni mwa Rhapsody in Blue ya George Gershwin. Kwa mwaka 1950, basi, ulikuwa ishara iliyozoeleka: okestra iliposema “jazi”, ilisema hivyo.

5.0 Ukopaji na Utohozi

Isimujamii hutofautisha matukio mawili ambayo mtu asiye mtaalamu huyaona kuwa kitu kimoja. Kuna uchanganyaji msimbo, ambapo msemaji wa lugha mbili huzitumia zote pamoja katika usemi mmoja na kila moja hubaki na kanuni zake. Na kuna ukopaji, ambapo lugha moja huchukua neno la nyingine na kulitia katika mfumo wake. Neno likishakopwa hutoholewa: hupewa sauti, silabi na viambishi vya lugha pokezi. “Shati” na “baiskeli” hazifuati tena sarufi ya Kiingereza. Huingia ngeli, hupata upatanisho, na mtoto wa Kiswahili hujifunza maneno hayo bila kujua yalikotoka.

Nikitumia kipimo hicho, koncheto ya Copland iko upande wa ukopaji. Sarufi yake ni ya muziki ulioandikwa. Ina mtunzi mmoja, noti zisizobadilika, na kiongozi anayesimamia mapigo. Kutoka jazi imechukua msamiati: mdundo, mtelezo, kishindo cha besi. Na msamiati huo umetoholewa. Kama vile Kiswahili, kwa kutozoea silabi zinazoishia kwa konsonanti, kilivyoipa “shati” irabu ya mwisho, ndivyo okestra isiyo na ngoma ilivyoutafutia mdundo wa ngoma mahali pengine, katika nyuzi za besi. Kadenza iliyoandikwa ni utohozi wa ubunifu wa papo kwa papo: umbo la nje linafanana, kanuni iliyo ndani imebadilishwa.

Pingamizi moja lenye nguvu laweza kutolewa hapa. Goodman, mtu anaweza kusema, alikuwa msemaji halisi wa lugha mbili, na alipoipiga kazi hii aliichanganya misimbo kwa pumzi yake mwenyewe. Pingamizi hili lina ukweli, lakini historia inalipunguza makali. Wakati koncheto inakamilika, Goodman alikuwa akijitahidi kupiga kama mpigaji wa klasiki. Mtunzi wa klasiki alikuwa akiisogelea jazi, na mpigaji wa jazi alikuwa akiisogelea klasiki, walipishana njiani. Zaidi ya hayo, McLane, mpigaji wa okestra, aliipiga kazi hiyohiyo wiki tatu tu baada yake, na tangu hapo imepigwa na mamia ya wapigaji ambao hawajawahi kupiga jazi. Hilo lawezekana kwa sababu jazi iliyomo imekwisha kuandikwa. Msemaji wa lugha moja anaweza kutamka neno la kukopwa. Hawezi kuchanganya misimbo.

Kuiita kazi hii ukopaji si kuidharau. Kiswahili chenyewe kingekuwa maskini pasipo ukopaji, na hakuna anayekiona duni kwa sababu ya “kitabu” na “meza”. Faida ya istilahi hii ni nyingine: ukopaji humlazimisha msemaji ataje chanzo. Kamusi nzuri huandika kando ya neno lugha lilikotoka. Historia ya muziki inayosema “mchanganyiko” haioni haja ya kufanya hivyo.

6.0 Waliokopesha

Copland aliieleza sehemu ya pili ya koncheto kuwa muungano usiokusudiwa wa vipengele vya muziki wa watu wa Amerika ya Kaskazini na Kusini. Tazama maelezo hayo yalivyo karibu na kauli ya kutendeka: vipengele vimeungana, havikuunganishwa, navyo ni vya “watu”, si vya mtu. Sina sababu ya kumtuhumu kuwa alificha kitu. Alikuwa akisema kama watunzi wa zama zake walivyosema. Hata hivyo, wenye vipengele hivyo wana majina.

Wimbo ulioipa charleston umaarufu uliandikwa na James P. Johnson, mpiga piano Mweusi, kwa ajili ya onesho la Runnin’ Wild la mwaka 1923. Johnson huyohuyo alitunga kazi ndefu za kuunganisha muziki wa Weusi na okestra, na moja kati yake, Yamekraw, ilipigwa Carnegie Hall mwaka 1928. William Grant Still aliandika Afro-American Symphony mwaka 1930. Bendi ya Goodman yenyewe ilipata sauti yake kwa kiasi kikubwa kutokana na mipangilio ya Fletcher Henderson, kiongozi Mweusi ambaye bendi yake ilikuwa imekumbwa na shida za fedha.

Mfano ulio karibu kabisa na mada yetu ni wa mwaka 1936. Mwaka huo Duke Ellington alirekodi Clarinet Lament, iliyopewa pia jina linaloitambulisha waziwazi kuwa koncheto ya Barney, yaani Barney Bigard, mpigaji klarineti wa bendi yake. Ina takriban dakika tatu, kiasi ambacho upande mmoja wa santuri za wakati huo uliruhusu. Ndani yake mpigaji mmoja anajibizana na kundi lililobaki, kama koncheto inavyotaka, na Bigard ametajwa kuwa mtunzi mwenza. Iko miaka minne kabla ya koncheto ya klarineti ya Artie Shaw, miaka kumi kabla ya Ebony Concerto ambayo Igor Stravinsky aliiandikia bendi ya Woody Herman, na miaka 14 kabla ya koncheto ya Copland kusikika. Hata hivyo, orodha za koncheto za klarineti huiacha nje mara nyingi, kwa kuwa ilizaliwa katika santuri na ukumbi wa dansi.

Bigard anatufunza jambo jingine. Alizaliwa New Orleans na kufundishwa klarineti na Lorenzo Tio wa pili, wa familia iliyokuwa na elimu rasmi ya muziki wa noti. Jimmie Noone alipitia mikononi mwa Tio huyo New Orleans, na kisha kwa Schoepp, mwalimu wa Goodman, Chicago. Maana yake ni kwamba klarineti ya jazi ilikuwa na elimu ya klasiki ndani yake tangu mwanzo. Hapakuwa na vitu viwili safi vilivyosubiri mwaka 1947 ili vikutanishwe. Kilichokuwapo ni milango miwili: mmoja ulikuwa wazi kwa wote, mwingine ulichagua. Goodman aliweza kutoka bendi ya dansi na kusimama mbele ya okestra ya simfoni. Mpigaji Mweusi wa kizazi chake, awe amesoma kwa mwalimu yuleyule, hakuweza. New York Philharmonic ilimwajiri mwanamuziki Mweusi wa kwanza wa kudumu, mpiga fidla Sanford Allen, mwaka 1962.

Haki inadai niseme pia kwamba Goodman alikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa bendi mashuhuri za Weupe kuwaweka wanamuziki Weusi jukwaani pamoja naye: Teddy Wilson kwanza, kisha Lionel Hampton mwaka 1936. Alifungua mlango uliokuwa mikononi mwake. Ule wa okestra haukuwa wake.

7.0 Mafunzo kwa Kiswahili

Kwa nini mkutano wa Kiswahili ushughulikie koncheto ya Marekani? Sababu ya kwanza ni neno “jazz” lenyewe. Sisi tulilikopa mapema na kulipa maana yetu. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz zilikuwa bendi za dansi, na rumba ya Kuba ilikuwa na nafasi kubwa katika muziki wao kuliko muziki wa New Orleans. Hali ilikuwa hivyo pia Kongo, kwa African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco. Katika matumizi hayo “jazz” ilimaanisha takriban “bendi ya kisasa ya dansi”. Mfasiri anayesema kwamba Copland alichanganya klasiki na “jazz” anaweza kumfanya msomaji wa Tabora asikie magitaa. Tahajia “jazi” kwa muziki wa Wamarekani Weusi, na “Jazz” ikibaki katika majina ya bendi zetu, ingeondoa utata huo kwa gharama ndogo.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Lugha ile iliyowafuta waliokopesha huko Marekani tunaitumia hapa. Husemwa kwamba taarab “imechanganyika” kutokana na Uarabu, Uhindi na Uafrika, na kwamba bendi fulani “imechanganya vionjo vya asili”. Wapigaji na watunzi waliofanya kazi hiyo, katika vilabu na miji inayojulikana, hugeuka kuwa “jadi”. Suala hili si la heshima tu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu mahususi kuhusu sanaa jadi, na Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa jadi na sanaa za utamaduni. Utungo unapoorodheshwa kuwa wa jadi, unaangukia utaratibu tofauti na ule wa utungo wenye mtunzi anayejulikana. Neno analochagua mwandishi wa historia leo linaweza kuwa ushahidi kesho.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mabaraza ya lugha na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yaandae kwa pamoja orodha ya istilahi za muziki inayotofautisha uchanganyaji, ukopaji na utohozi, badala ya kuyaweka yote chini ya “mchanganyiko”. Pili, istilahi za ala ziundwe kwa kuzingatia namna ala inavyotoa sauti; zumari isibebeshwe mzigo wa klarineti, na jina lake la haki lisipotee. Tatu, miongozo ya uandishi wa historia ya sanaa, hasa ya vitabu vya shule na maelezo ya makumbusho, imtake mwandishi atumie kauli ya kutendwa na kumtaja mtenda kila anapojulikana, na kauli ya kutendeka iachwe kwa yale ambayo kweli hayana mtenda.

8.0 Hitimisho

Makala haya yalianza na swali kuhusu kiambishi kimoja. Historia ya koncheto ya Copland imeonesha kwamba haikuchanganyika yenyewe. Ilitungwa na mtu mmoja, kwa agizo na fedha za mwingine, kwa mbinu zilizobuniwa na watu wengi ambao majina ya baadhi yao yamehifadhiwa na yanaweza kuandikwa. Haipungui thamani kwa kuelezwa hivyo. Sehemu yake ya kwanza inabaki kuwa miongoni mwa kurasa tulivu na nzuri za muziki wa karne ya 20, na sehemu ya pili inaeleweka zaidi kwa msikilizaji anayejua vishindo vya besi vilitoka wapi.

Darasa langu lilimaliza kipindi bila kukubaliana, na wiki iliyofuata tuliirudia sentensi ile. Tafsiri tuliyoipitisha ilikuwa ndefu kuliko matini chanzi. Ilisema kwamba Copland aliitunga koncheto hii kwa agizo la Goodman, na kwamba katika sehemu ya pili alikopa midundo na mbinu za upigaji zilizoanzishwa na wanamuziki Weusi wa Marekani, pamoja na wimbo aliousikia Brazil, akavitohoa kwa ajili ya okestra isiyo na ngoma. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba sentensi hiyo haitaenea kwenye jalada la rekodi. Tulikubaliana kupunguza herufi.